Kata Hicho Chuma Pembeni

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kusifiwa na watu kumi na saba, na katika hao kumi na saba asiwepo hata mmoja aliyekutazama?

Paskalina alisifiwa hivyo miezi minane mfululizo. Alikuwa fundi cherehani pale Sogea, Tunduma, kwenye kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya bluu upande wa mbele tu, kwa sababu rangi iliishia hapo. Malori ya kwenda Zambia yalipanga foleni mbele ya mlango wake tangu asubuhi, na vumbi lao lilikuwa likitua juu ya vitambaa vyeupe kiasi kwamba sare za shule alizishona zimefunikwa shuka. Sasa ushonaji ni kazi isiyo na unafiki. Mteja akijaribu gauni anakwambia usoni: "Mama Fides, hapa kwapani panabana. Na huku nyuma umenitia nundu, mimi sina nundu." Unafumua, unashona upya, maisha yanaendelea. Na kabla ya kupitisha mkasi kwenye kitambaa cha mtu yeyote, Paskalina alikuwa na swali lake moja. Chaki mkononi, futi ya kupimia shingoni, anasema: "Unataka iweje?" Miaka ishirini hakuwahi kukata kitambaa bila kuuliza hivyo.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na nne mume wake Luka, dereva wa lori, alimletea simu ya kioo kutoka upande wa Nakonde, Zambia. Simu ilikuwa na kamera nzuri. Paskalina akaanza kupiga picha: vifungo ndani ya kopo, mwanga unaopita kwenye matundu ya bati, miguu ya madereva waliolala chini ya malori yao. Akaipenda kazi hiyo kama mtu anavyopenda chumvi. Mteja wake mmoja, Goodness, binti wa mapokezi katika nyumba ya wageni, akamwingiza kwenye kundi la wasapu la wapiga picha wa kujifurahisha. Kundi liliitwa Jicho la Mpakani.

Jicho! Jina walilipata, jicho lenyewe ndilo sikuliona.

Mwenye kundi alikuwa Boazi, wakala wa forodha, mwanamume wa miaka thelathini na ushei ambaye tumbo lilimtangulia kila mahali na mbele ya tumbo ikatangulia kamera. Kamera kubwa, lenzi ndefu kama bomba la jiko. Aliivaa shingoni hata akienda kula maharage. Yeye ndiye aliyeandika sheria ya kundi: "Hapa tunajengana, hatubomoani. Mwenye roho mbaya ajitoe kabla hajatolewa."

Na walijengana kweli. Boazi akiweka picha ya foleni ya malori, wote wanajibu: "Kali mkuu!" "Moto wa kuotea mbali!" "Nimenyoosha mikono." Goodness akiweka sahani ya chipsi na kucha zake pembeni: "Kali dada!" Mwalimu Osea wa Vwawa yeye alipiga jua likizama. Jua la Vwawa lilizama mara arobaini na moja katika kundi lile, mpaka ukajiuliza linachomoza saa ngapi. "Kali mwalimu!" Fundi pikipiki mmoja, Makene, aliwahi kuuliza kwa adabu kabisa kama yale malori ya Boazi yanapanda mlima au ni kamera imelala ubavu. Kesho yake asubuhi Makene hakuwemo.

Paskalina mwanzoni alilewa. Nani hapendi kilemba, hata kikiwa cha ukoka? Alikuwa akisoma "kali" moja baada ya nyingine huku mguu uko kwenye cherehani, anatabasamu peke yake, uzi unakatika. Lakini mwezi wa tatu alikosea, akaweka picha ya kidole chake mwenyewe. Kidole kilikuwa kimefunika lenzi, picha nzima nyekundu nyekundu kama nyama mbichi. Kabla hajaifuta, Osea alikuwa ameshaandika: "Kali sana dada, rangi imetulia." Wengine tisa wakafuata.

Tangu siku hiyo zile "kali" alizisoma kama mtu anayekunywa chai isiyo na majani.

Sasa hapo ndipo aliingia mama mkwe wake, Bibi Roda.

Bibi Roda aliishi juu, karibu na Mbozi Misheni, kwenye shamba la kahawa aliloolewa humo akiwa msichana. Umri themanini na moja, miguu imeanza kuvimba jioni, ulimi haujavimba hata kidogo. Mume wake, Mzee Mika, alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya hapo. Na unajua desturi yetu: mbele ya jeneza hutangulia mtu amebeba picha ya marehemu ndani ya fremu, ili kila aliyesimama njiani ajue nani anapita. Mzee Mika hakuwa na picha. Wakachukua kadi yake ya kupigia kura, wakaikuza hadi ukubwa wa sinia. Uso ukavimba, macho yakayeyuka, akawa kama ugali uliomwagiwa maji. Watu walimwaga machozi, na wengine, Mungu awasamehe, waliuma midomo wasicheke.

Siku hiyo hiyo ulisomwa wasifu wa marehemu. Msomaji akasema Mzee Mika ndiye mtu wa kwanza kitongojini kununua mashine ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu, akaletea jamii maendeleo. Watu wakaitikia. Paskalina alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mkwewe. Alimwona akiinua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa jina. Kisha akakirudisha chini, akajifunika khanga. Paskalina alidhani ni uchungu.

Baada ya siku arobaini, Bibi Roda akamwita. "Mama Fides, nasikia una simu inayopiga picha."

"Ninayo, mama."

"Nipige. Picha nzuri. Mimi sitaki kwenda kaburini nyuma ya kitu kama kile cha baba yenu."

"Mama, mbona unaongea habari za kaburi na wewe ni mzima?"

"Sasa unataka nikuambie nikiwa nimeshakufa?"

Basi Paskalina alilichukua jambo hilo kwa uzito wote. Picha za vifungo ni mchezo, hii ilikuwa deni la heshima. Mkwewe hakuwahi kumwomba kitu katika miaka ishirini na miwili ya ndoa. Alishona hata kitambaa cha meza kwa ajili ya siku hiyo, akapanda basi la Kosta kwenda Vwawa, na kutoka pale akachukua bodaboda.

Alimkuta Bibi Roda amekaa tayari. Amevaa gauni lake la kazini, lile la kijani lililofifia, amekaa kwenye kigoda ndani ya banda nyuma ya nyumba, ubavuni mwa ile mashine ya kahawa. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, chuma kizito kilichofungwa juu ya magogo mawili, gurudumu lake limechakaa, na rangi ya kijani ilibaki mahali pa mikunjo tu. Maganda mekundu ya kahawa yalikuwa yametapakaa chini, nzi wanasherehekea.

"Hapana, mama," Paskalina akacheka. "Hapa giza, tena pachafu. Twende kule kwenye maua."

Bibi Roda akamtazama. Akatazama mashine. Akainuka, akavalishwa sare ya akina mama wa kanisani, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki cheupe mbele ya maua, mikono magotini kama mtoto anayesubiri chanjo. Paskalina akapiga picha thelathini, akamwonyesha iliyo bora.

"Nimeona," Bibi Roda akasema.

"Umeipenda?"

"Siyo hii."

"Ina kasoro gani, mama?"

"Mpigaji ni mimi au wewe?"

Paskalina akaiweka kundini. "Kali!" mara kumi na saba.

Mwezi uliofuata akapanda tena. Safari hii alikuta tena yule mama kwenye kigoda, ubavuni mwa mashine, na tena akamtoa. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imelowesha bustani, kwa hiyo kiti kikawekwa karibu na mlango wa banda, penye pakavu. Picha ilipotoka, mkono wa mashine, ule wa kuzungushia, ulikuwa umechomoza pembeni kushoto. Bibi Roda aliisogeza simu hadi karibu na jicho lake la kulia, lile linaloona. Akaitazama muda mrefu, mpaka kuku mmoja akaingia na kutoka. Akagusa ule upande wa kushoto kwa kidole, na picha, kama ilivyo tabia ya simu hizi, ikakimbia.

"Hii inakaribia," akasema.

Kuku mzima hangemfurahisha Paskalina kama neno hilo. Inakaribia! Lakini inakaribia nini? Angeweza kuuliza. Kwa mteja wa sketi ya shule angeuliza. Badala yake akashuka nayo Tunduma, akaipeleka kwa wataalamu. Akaandika kundini kwa unyenyekevu: "Wapendwa, hii ni picha ya mama mkwe wangu, ni muhimu sana kwangu. Naomba mniambie ukweli. Imepungukiwa na nini?"

Kimya. Ungedhani ameuliza nani kaiba kuku wa mchungaji. Kuambiana ukweli hawakuwa na mazoea nao. Zikapita saa mbili, ndipo Boazi akajitokeza, na uone jinsi alivyojitokeza, kama daktari bingwa anayeingia wodini:

"Dada Paskalina, nakupa siri ya kitaalamu. Kata hicho chuma pembeni, kinachafua picha. Halafu iweke nyeusi na nyeupe. Itakuwa na hisia."

"Mkuu umemaliza!" wakaandika wote. "Darasa tosha!"

Huo ndio ushauri pekee uliowahi kutolewa katika Jicho la Mpakani. Miezi minane, ushauri mmoja, na tazama ulivyokuwa.

Alhamisi asubuhi Paskalina akatii. Akakikata chuma. Akaondoa rangi. Bibi Roda akabaki peke yake, mweusi na mweupe, mdomo umefungwa, macho yamekaza, nyuma yake ukuta mtupu. Paskalina akaiweka kundini, akaandika chini yake: "Mama yetu Roda, Mbozi." Simu ilikuwa inakaribia kuzima, akaipeleka kwa jirani ikachajiwe, akarudi kwenye sare thelathini na mbili zilizokuwa zikimsubiri. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Haya. Kwetu picha ya kikongwe, nyeusi na nyeupe, hajacheka, jina chini, watu wanaiona lini? Unajua mwenyewe.

Goodness alikuwa wa kwanza. "Jamani dada! Pole sana. Apumzike kwa amani." Mwalimu Osea akaleta andiko la Ayubu. Wengine wakafuata mmoja mmoja, poleni, poleni, mbele yake nyuma yetu. Na Boazi, ambaye wiki moja tu nyuma alikuwa amemwona mama yule yule kwa rangi, akamshauri mwenyewe cha kukata, akaandika hivi, nayaweka kama yalivyokuwa: "Pole sana dada. Mwanga wa Bwana umwangazie. Hata hivyo mwanga wa picha umekaa vizuri sana."

Saa saba mchana Paskalina alipochukua simu yake, jumbe zilikuwa tisini na nne. Aliposoma tatu za kwanza akadhani kweli mkwewe amekufa na watu wa Tunduma wamejua kabla yake. Akampigia jirani wa Bibi Roda, Tabita. Tabita akashangaa: "Amekufa nani? Si huyu hapa ananigombeza, eti nimechelewa kurudisha ungo wake."

Paskalina akakaa chini, juu ya sare. Kisha akaandika kundini kwa haraka: "Jamani, mama ni mzima!"

Osea akajibu: "Amina dada. Ni mzima mbele za Mungu."

"Mzima wa kweli! Yuko nyumbani!"

"Kweli kabisa, ameenda nyumbani kwa Baba," akaandika Goodness.

"Kali," akaandika mwingine, ambaye nadhani kidole chake kilikuwa kimeshazoea.

Ndipo simu ya Luka ikaingia kutoka Ndola. Mtu alikuwa amemtumia dereva mwenzake ile picha, na mwenzake akamwonyesha. Luka alikuwa ameegesha lori kando ya barabara na analia, dume zima la miaka arobaini na nane, analia kama mtoto aliyeangusha uji. "Paskalina, mama yangu anakufa, na mimi naambiwa na simu ya mtu?" Alimtuliza, akampa namba ya Tabita amsikie mama yake mwenyewe. Kisha akaziacha sare kama zilivyo, akafunga kibanda. Maana Goodness alikuwa ameandika kitu kingine, cha mwisho kabisa: "Sisi tumeshatoka na gari, Noah, tuko njiani kuja msibani. Boazi ametengeneza fremu."

Alipofika, Noah ilikuwa imeshaegeshwa chini ya mti wa mgrivea. Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine wameshika mbavu. Katikati yao walisimama Boazi na kamera yake, Goodness aliyejifunga khanga mbili, na Mwalimu Osea mwenye Biblia, wote watatu wametazama chini kama wanafunzi waliokutwa kwenye miwa ya watu.

Na Bibi Roda? Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, bandani, ubavuni mwa mashine, gauni la kijani, mikono inanuka maganda ya kahawa. Magotini alikuwa ameshika fremu yenye picha yake ya msiba. Simu ya Tabita ilikuwa sikioni.

"Luka," alikuwa akisema, "acha kelele. Nimekufa lini? Kama ningekufa ningekuambia. Endesha gari lako." Akarudisha simu kwa Tabita, akawageukia wageni. "Haya, wafiwa. Mmekula?"

"Bibi, tunaomba radhi," Boazi akasema. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye mkanda wa kamera. "Sisi tuliona picha tukadhani..."

"Mliiona?"

"Tuliiona, bibi."

"Wewe ndiye fundi wa picha?"

"Ndiyo, bibi. Kwa kujifurahisha tu, lakini ndiyo mimi ninayewafundisha hawa."

Bibi Roda akainua ile fremu, akaisogeza kwenye jicho la kulia. Akaweka kidole upande wa kushoto. Safari hii picha haikukimbia, kulikuwa na kioo.

"Hapa palikuwa na kitu. Mmekipeleka wapi?"

"Kitu gani, bibi?"

"Chuma."

"Aa, kile!" Boazi akachangamka, amepata mahali pa kusimama. "Kile tulikikata, bibi. Kilikuwa kinachafua picha. Kitaalamu, jicho la mtazamaji lisipotee, libaki kwa mhusika."

Tabita akashika mdomo. Bibi Roda alimtazama Boazi taratibu kuanzia kwenye viatu, akapanda hadi kwenye lenzi, akamwacha. Akamgeukia Paskalina, na safari hii macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa yamechoka.

Paskalina akatazama fremu. Akatazama ule mkono wa chuma uliokuwa ukining'inia pale pale begani mwa mkwewe, umeng'aa kwa kushikwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine. Akamwona alivyokuwa kwenye mkeka siku ya msiba, kichwa kikiinuka. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Miaka ishirini anawauliza wapita njia kuhusu sketi, na huyu amemtoa kwenye kigoda kile mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, akicheka.

Akachuchumaa mbele yake, penye maganda, na gauni lake la kutokea.

"Mama," akasema, "unataka iweje?"

Bibi Roda alifuta mkono mmoja kwenye gauni, kisha wa pili, akaiweka chini ile fremu pamoja na aibu za watu, ikaegemea gogo.

"Mwaka ule wanunuzi wa ushirika walipoanza kupanda huku na magunia yao," akasema, "baba yenu alisema mashine ni upuuzi, tutaendelea kumenya kwa jiwe. Mimi nikalima ulezi misimu mitatu, kule bondeni, peke yangu, Luka akiwa mdogo. Nikauza. Nikaenda Mbeya kuifuata. Kutoka barabara kuu hadi hapa niliikokota na kamba, na mama yake huyu Tabita akisukuma nyuma. Siku tuliyomzika baba yenu, wakasimama mbele ya watu wakampa yeye sifa. Nikanyamaza, maana marehemu hakosolewi. Nikasema moyoni, mimi nitaongea siku yangu, kwa picha."

Akainyoosha ile mikono yenye mishipa, akaushika mkono wa mashine, akaketi wima.

"Nilitaka nipigwe picha pamoja na mashine yangu. Na gauni hili, na maganda haya, na mkono wangu nimeushika hapa hivi. Ili yule atakayenibeba mbele ya jeneza asipate pa kukata."